Kaka, Usimwombe Tena Namba

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili mchana, tarehe 14.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu za kutoka huku, ambako sote tu wazima ukiondoa uchovu, na uchovu si ugonjwa ingawa unalala nao kitanda kimoja. Mgongo wako je? Mara ya mwisho ulisema ukiinama kuinua yale maboksi unasikia kitu kinalia kama bawaba ya mlango. Nakuomba usijikaze mbele ya wenzako. Bawaba hupakwa mafuta ikapona, mgongo haupakwi. Na baridi ya hilo ghala lenu imepungua, au bado mnavaa makoti mawili mawili kama watu wanaohama?

Mdogo ameota meno mawili ya chini na anayajaribu kwenye bega langu. Siku hizi anasimama akishika kiti, anakitazama chumba kizima kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi, halafu anaanguka kwa makalio. Shangazi anakusalimu kutoka kwake. Magoti bado yanamsumbua, ila ulimi hauna tatizo lolote. Habari za baba watoto ningekuwa nazo ningekupa.

Mimi bado niko kwa dobi. Nimetolewa kwenye kufua, nimewekwa kwenye pasi, na bosi anasema hajapata mtu anayenyoosha kola kama mimi. Hiyo ni sifa isiyoliwa, lakini nimeipokea. Jioni nikirudi nanuka mvuke na sabuni ya watu, miguu imejaa, na Chiriku ananivua viatu huku ananisimulia mambo ya shule yote, hata yale ambayo hayajatokea. Jina ulilompa limemkaa. Chiriku gani anyamaze?

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Kwenye simu, kaka, unanichekesha. Nikianza tu neno zito unaigiza sauti ya shangazi, nacheka, na neno linarudi tumboni. Isitoshe, Chiriku huwa amesimama ubavuni kwangu anasubiri zamu yake ya kuongea na mjomba, na hili ni neno asilopaswa kulisikia nikikwambia. Linamhusu yeye, na linakuhusu wewe. Soma ukiwa umekaa.

Mwalimu wake aliniita. Nilidhani ni maneno, maana huyu mtoto kosa lake siku zote ni kuongea darasani. Mwalimu akaniuliza, "Mama, huyu ameumia mkono wa kulia?" Nikasema hapana. Akasema tangu shule zifunguliwe anaandika kwa kushoto, na kushoto hakujui, herufi zinalala chini kama wagonjwa. Alikuwa anaongoza kwa mwandiko, sasa hata jina lake halisomeki.

Njiani nikamuuliza. Hakusita hata kidogo. Akaniambia, "Nautunza, mama."

"Unautunza mkono?"

"Wa kulia ni wa namba. Ukiutumia ovyo bahati inachoka. Kinyozi amesema."

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini anaosha vyombo kwa mkono mmoja, na kwa nini analala na soksi kiganjani. Nilikuwa naona, kaka. Nilidhani ni michezo ya watoto. Mtu ukirudi umechoka, kitu kisicholia unakiacha.

Sasa turudi mwanzo, na mwanzo unaujua. Ni wewe uliyemwambia kwenye simu, "Chiriku, mtajie mjomba namba tatu, mkono wa mtoto hauna dhambi." Akafumba macho, akatembeza kidole hewani kama anayechagua tunda, akakutajia. Ukaenda kucheza bahati nasibu, ukapata. Ukamtumia vile viatu vyekundu vyenye taa kisiginoni, na ukamwambia, "Hivi umevishinda wewe." Nilicheka pamoja nanyi. Nilifurahi hata, nikaona mtoto wangu ana mjomba.

Lakini unajua uwanja wetu ulivyo. Vyumba vimezunguka bomba moja, mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, cha sita wanaitikia. Chiriku alipita na viatu vyake mlango hadi mlango: nimevishinda mimi, nimemtajia mjomba namba. Wa kwanza kusimama alikuwa Kinyozi, yule mwenye kibanda kwenye kona, anayewanyoa wateja huku jicho moja liko kwenye matokeo ya mpira. Akamwita, "Njoo hapa, Mkono Mwepesi. Hizi timu mbili, nani anashinda?" Chiriku hajawahi kuziona. Akauliza, "Zinavaa rangi gani?" Akachagua wenye jezi ya njano kwa sababu wale wengine wana rangi ya kandambili za bafuni. Na wenye njano wakashinda.

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Mama Pacha, ambaye unamjua kwa jina maana kila tukiongea nilikuwa namtaja, yeye ndiye aliyekuwa ananishikia Mdogo nikiwa kazini, naye akaanza kumuita kabla hajanunua tiketi ya bahati nasibu. Walimpa biskuti. Walimsuka. Mtoto ambaye baba yake hapigi simu, uwanja mzima ukawa unamngoja atoke shule. Ningekuwa yeye na mimi ningeulalia mkono huo. Mimi sikujua. Nilikuwa naona biskuti, nikasema Mungu amenipa majirani.

Siku moja baada ya kuitwa na mwalimu nilitumwa na bosi kupeleka mashati kwenye duka la kubeti. Pale kuna kijana wanamwita Meneja, ingawa anachosimamia ni stuli yake na mashine mbili. Mlangoni wamebandika tangazo kwa herufi nyekundu kwamba walio chini ya miaka kumi na minane ni marufuku. Nikaingia na mashati yangu mkononi. Chiriku alikuwa amesimama juu ya kreti la soda ili aifikie mashine, soksi ameivua, Kinyozi yuko nyuma yake na wanaume wengine wamezunguka, wametulia kama watu wanaosubiri mgonjwa aamke. Mwanangu wa miaka kumi. Alikuwa amefumba macho.

Nikamuuliza Meneja, "Umeusoma mlango wako?"

"Nimeubandika mwenyewe, dada."

"Unasemaje?"

"Unasema mtoto asicheze. Sasa huyu anacheza? Pesa ya Kinyozi, tiketi ya Kinyozi. Cha mtoto ni kidole tu."

Watu wakacheka. Nikamwambia, "Na hicho kidole kwa huku nyuma kimeshikana na nani?" Nikaweka mashati kwenye stuli yake, nikamshusha mtoto, nikalibeba na lile kreti. Mmoja akasema, "Mama, kreti lina mwenyewe." Nikamjibu mwenyewe anifuate kwa dobi. Alinifuata kweli, muuza soda, mzee wa watu, nikamrudishia na kumwomba radhi, maana yeye alikuwa hana habari. Alilitazama kreti lake akasikitika kama vile lenyewe ndilo lililokosa.

Ningedhani yameisha. Jioni Kinyozi akaja hadi mlangoni kwetu. Hakuwa amelewa, hakuwa na ukali, alikuwa mnyonge, na mtu mnyonge ndiye anayesema maneno mabaya bila kujua. Akasema ile tiketi imeliwa. Nilimshusha mtoto kabla hajamaliza, nimemvunjia bahati. Kisha akamtazama Chiriku aliyekuwa anamlisha mdogo wake uji, akasema, "Au mkono wako siku hizi una nuksi?" Akaondoka.

Asubuhi nilimkuta bombani peke yake. Anasugua kiganja kwa ile brashi ya kusugulia sakafu. Kimekuwa chekundu, ngozi imechubuka kwenye mistari. Nikamnyang'anya. Hakulia. Akaniambia taratibu, kama anayenifundisha kazi, "Naitoa nuksi, mama. Bado kidogo."

Kaka, mimi si mtu wa kulia mbele ya watoto, unanijua. Siku hiyo nilimfunga kiganja kwa kitambaa, nikampeleka shule, nikaenda kusimama kwenye pasi. Shati la kwanza nililiunguza.

Jumamosi, watu wakiwa wanafua, nikasema nao. Sikupiga kelele. Niliwaambia kila mtu ana pesa yake na akili yake, akicheza akiliwa ni shauri lake, lakini mtoto wangu asiulizwe tena namba, wala timu, wala rangi ya jezi. Asitumwe dukani kwa Meneja, asipewe biskuti ya kazi hiyo. Nikawaonyesha kiganja.

Kinyozi akainamisha kichwa. Aliyejibu ni Mama Pacha, na hilo ndilo lililoniuma. "Mama Chiriku, umelikuza jambo. Mtoto alikuwa anafurahi. Mtoto akililia wembe, mpe."

Nikamwambia, "Huyu hakuulilia. Sisi wakubwa ndio tuliomshikisha, halafu tunashangaa damu."

"Kwani tumemla? Wewe uko kazini tangu asubuhi, sisi ndio tunaokaa naye hapa. Leo tumekuwa wabaya?"

"Hamjawa wabaya. Nasema jambo moja tu."

"Basi mlee mwenyewe," akasema, akakamua shuka lake, akaingia ndani.

Ndivyo ninavyofanya, kaka. Ninawalea mwenyewe. Mdogo naenda naye kwa dobi, analala kwenye kapu la nguo safi chini ya meza ya pasi, na nikisikia bosi anakuja nalisukuma kapu kwa mguu. Bosi anajua. Anajifanya haoni, Mungu ampe maisha. Lakini mvuke ule si wa mtoto, na akiamka akalia inabidi nimnyonyeshe nimesimama.

Nikifika bombani mazungumzo yanakatika. Si kwamba wananitukana, hapana, wananisalimu vizuri, kama mtu anavyomsalimu mpimaji wa mita za maji. Mama Pacha alikuwa ananijua hata kukohoa kwangu. Alikuwa akisikia sufuria yangu haijalia jioni, anagonga ukuta anauliza mmekula? Ukuta ni ule ule. Nasikia anavyowatania wale pacha wake, nasikia wanavyocheka, na mimi niko upande huu nimeshika mwiko. Mara nyingine nacheka na mimi kabla sijakumbuka kwamba sikualikwa.

Juzi nilimwona pacha mmoja amesimama juu ya ndoo kwa Kinyozi, amefumba macho. Nikaenda kumwambia mama yake. Nilisema, "Jirani, sasa ni zamu ya wako," nikageuka. Nilimwona akivuka uwanja na kanga yake ikiburuza, akamrudisha mtoto kwa sikio. Kesho yake bombani alinisogezea ndoo yangu mbele ya foleni. Nikakinga maji.

Yote hayo ningeyabeba. Ila kuna jambo Chiriku aliniambia, na ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Aliuliza, "Mama, hawaniiti tena kwa sababu sishindi?" Nikamwambia hapana, ni kwa sababu mama amekataa. Akafikiri. Akasema, "Lakini mjomba bado ananipenda, maana yeye nilimshindia."

Umeona? Mtoto anafikiri ulianza kumpenda siku ya viatu.

Jumapili iliyopita ulipiga. Alikimbia akaipokea, na mimi nikiwa nimeinama namvalisha Mdogo nikasikia sauti yako ikitoka kwenye simu: "Chiriku wangu, leo mjomba yuko vibaya, hebu nipe tatu za nguvu." Aliniangalia. Kaka, sijawahi kuangaliwa hivyo. Majirani wote nimewakataza, na sasa ni wewe, na alitaka kujua kama sheria ya mama inafika huko ulipo. Akauficha mkono wa kulia nyuma. Nikaichukua simu nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima. Sikutaka kukukemea mbele yake, wewe ni mkubwa wangu, na tangu mama afariki wewe ndiye uliyebaki wa kuniita mdogo wangu.

Najua kwa nini unafanya. Uliwahi kuniambia huko kwenu mnarudi kazini kila mtu anavuta blanketi lake, hakuna anayeuliza mwenzake umekula nini, na sauti ya Chiriku akitafuta namba unasahau baridi. Sikukatazi sauti yake. Nani mwingine ninaye wa kumpa hiyo sauti? Nakukataza namba. Na hili si ombi, kaka, ingawa nalisema nimepiga magoti.

Kuna jambo jingine na ni wewe tu unayeliweza. Siku ile uliponipigia yeye akiwa shule, uliniambia baada ya ile ya viatu hujapata tena hata moja. Kila Jumapili anataja, kila wiki unaliwa. Ukasema, "Usimwambie, atasikitika." Nami sikumwambia. Kumbe hapo ndipo tulipomponza. Anajua ya kupata tu. Alitaja, viatu vikaja. Zile zote zilizopotea hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemwambia, si wewe, si Mama Pacha, na Kinyozi alipoliwa akasema ni nuksi. Sasa mtoto atajuaje kwamba mkono wake haukuwahi kufanya kitu?

Nimejaribu kumwambia. Ananisikiliza kwa adabu, halafu analala na soksi. Mimi ni mama, kazi yangu ni kusema usi-, usi-, usi-. Wewe ni mjomba. Neno lako moja linazidi yangu ya mwaka mzima.

Basi Jumapili ya kwanza baada ya kuipata barua hii ukipiga, nitampa simu yeye kwanza. Sitakaa karibu, nitatoka na Mdogo nikaanike nguo. Mwambie zilizopotea. Mwambie zote, na kwamba mjomba wake alikuwa anaficha. Mwambie ile ya viatu ilitokea tu, na kwamba ulimpenda kabla hajawa na vidole vya kuhesabu, siku ile alipozaliwa ukamshika kichwa chini miguu juu mpaka mkunga akakufukuza. Mwambie aandike kwa mkono wa kulia. Halafu muulize mengine, ana mengi. Ana rafiki mpya asiyetamka "r". Amejifunza kushona kishikizo. Anataka kujua kama huko mvua inanyesha kulala au kusimama.

Ukianza na namba, nitaizima simu, na haitamfikia tena mpaka awe mkubwa. Nitaumia kuliko wewe, lakini nitaizima. Usidhani ni maneno ya hasira, nimeyakalia wiki nzima nikipiga pasi mashati ya watu.

Na kama barua hii imekuudhi, udhika kwa sauti. Nipigie unigombeze, uniite mtoto wa juzi, useme nimekukosea adabu. Nitakusikiliza mpaka umalize. Usininyamazie tu. Wa kuninyamazia nimeshapata wa kutosha huku, na wote naishi nao bomba moja.

Msalimie yule mwenzako mpishi anayekukandakanda mgongo, mwambie dada yako anamshukuru na asikande kwa kiwiko. Shangazi anasema ukila vibaya atajua hata bila kuona. Mdogo anakusalimu kwa meno yake mawili. Chiriku hajui kwamba nimekuandikia, lakini hapa nilipo namsikia uwanjani anamfundisha paka wa watu kukaa, kwa hiyo pokea salamu zake kupitia ukuta.

Mungu akulinde na baridi, akutie nguvu mgongoni, akurudishe kwetu ukiwa na miguu yako miwili na cheko lako lile lile.

Ni mimi akupendaye kuliko anavyoweza kusema kwenye simu,

Mdogo wako, Mama Chiriku.